Je, Wajua? Unyevu Kwenye Kalipa Hauthibitishi Kuwa Kalipa Ndiyo Inayovuja

Kalipa ya mbele ya pikipiki ikikutwa imelowa, hukumu hutoka upesi: sili zake zimekwisha, inunuliwe nyingine. Lakini kalipa iko chini karibu na ekseli, na juu yake kuna masta silinda kwenye usukani, mpira wa breki na viungio vyake, pamoja na shokapu yenye mafuta yake yenyewe. Chochote kinachovuja huko juu huteremka hadi kwenye kalipa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kipi kibadilishwe, ni lazima kujua haya ni mafuta gani na yameanzia wapi.

Swali la kwanza hujibiwa na maji. Mafuta ya breki ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hutokana na glaikoli, nayo huyeyuka majini. Mafuta ya shokapu huelea. Tone moja katika bilauri ya maji hutosha kuyatofautisha, ila maandishi ya kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki yasomwe kwanza, kwa sababu DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na maji. Mafuta ya glaikoli pia hula rangi, hivyo rangi iliyovimba au kubanduka chini ya masta silinda ni ushahidi wa kutosha wa kuanza kutazama juu. Swali la pili hutaka usafi: osha, kausha, zungushia kila kiungo karatasi nyeupe, kisha bana mkono wa breki kwa nguvu na uushikilie. Karatasi ya juu kabisa iliyolowa ndiyo inayosema kweli. Mara nyingi ni pale bolti yenye tundu inapofunga mpira wa breki kati ya washa mbili za shaba. Washa hizo laini hubonyea zinapokazwa ili kuziba, na zikirudishwa mara ya pili huenda zisizibe tena.

Wengine watasema kiwango cha mafuta kikishuka, basi yanavuja. Si lazima: pedi zikilika, pistoni husogea nje zaidi na mafuta huteremka kujaza nafasi hiyo. Wengine watasema nje kukiwa kukavu, hakuna kinachovuja. Nalo si kweli, kwani sili ya ndani ya masta silinda ikichakaa, mafuta hurudi kwenye kikopo bila tone kuonekana. Dalili yake ni mkono wa breki kuzama polepole ukiwa umebanwa. Mwenye bodaboda naye atasema hana muda, aongeze mafuta tu aendelee na kazi. Lakini kuongeza hakuzibi tundu, na mafuta yakifika kwenye pedi, pedi hupoteza mshiko. Tena chupa iliyokaa wazi hunyonya unyevu wa hewani: DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikiwa na maji ya asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, nao hubonyea, breki ikakosa nguvu.

Ndiyo maana uchunguzi utangulie ununuzi. Kalipa mpya ikifungwa kwa washa zilezile kuukuu, huenda pakavuja vilevile.