Albamu za Gisenyi (4): Jina Kwanza, Mwaka Baadaye

Maji ya mto Sebeya yaliyoingia majumbani Nyundo na Rugerero usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei mwaka 2023 yalikuja na tope. Mvua za usiku ule ziliua watu zaidi ya 130 katika Mikoa ya Magharibi na Kaskazini ya Rwanda, na mbele ya msiba wa namna hiyo mtu huona haya kuzungumzia picha. Lakini walionusurika ndio wanaoniuliza. Wameokota albamu kwenye tope, kurasa zimegandana, na wanataka kujua mambo mawili: picha zitaokolewaje, na ni akina nani hawa waliomo? Swali la pili limenikaa moyoni miaka mingi, kwa hiyo nitaanza nalo. La kwanza nitalijibu kabla sijaweka kalamu chini.

Wasomaji walioanza nasi tangu sehemu ya kwanza wanajua tayari vipimo vya picha, kingo zenye meno meno, na jinsi ya kuitoa picha kwenye vipembe vyake bila kuichana. Leo tunaigeuza picha na kusoma mgongo wake, kisha tunairudia sura tukiwa na akili ya pili.

Chukua albamu ya familia moja ya Waislamu wa hapa Gisenyi, jalada jeusi, kurasa za karatasi ngumu ya kijivu. Picha inayoheshimiwa kuliko zote ni ya babu aliyesimama wima na bunduki, sare ya kaki, tarbushi nyeusi kichwani. Ukoo mzima unaamini kwamba ni askari wa Mjerumani na kwamba picha ni ya mwaka 1914. Mgongoni kuna neno moja lililochapwa kwa rangi hafifu: Gevaert. Hiyo ni kampuni ya Ubelgiji iliyoanzishwa na Lieven Gevaert mwaka 1894, na karatasi zake zilienea sana Kongo na Ruanda-Urundi wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1964 iliungana na Agfa ya Ujerumani, na tangu hapo jina likawa Agfa-Gevaert. Basi Gevaert peke yake ni dalili nzuri kwamba karatasi ilitengenezwa kabla ya muungano huo.

Baada ya hapo tunaazima kitu ambacho mji wetu unacho kwa wingi. Makambisti, wale wabadilisha fedha wa karibu na kivuko cha mpakani cha Petite Barrière, wana kijitaa cha zambarau cha kukagulia dola. Ni taa ya miale ya urujuanimno. Iwashe gizani juu ya pembe nyeupe ya picha, upande usio na sura ya mtu, kwa sekunde chache tu. Karatasi ikibaki imefifia, ni ya zamani au haina dawa ya kung'arisha. Iking'aa kwa weupe wa samawati, ina dawa ya kung'arisha ambayo watengenezaji wa karatasi za picha walianza kuitia katika miaka ya 1950. Kipimo hiki kilifanya kazi kubwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990: picha zilizouzwa kwa bei ghali kama kazi za mkono wa Lewis Hine, aliyefariki 1940, ziling'aa chini ya taa, na hapo ikajulikana kwamba karatasi ya picha hizo ilitengenezwa baada ya kifo cha Hine.

Picha ya babu yetu nayo iling'aa. Kwa hiyo karatasi ni ya kati ya miaka ya 1950 na 1964 au hapo karibu. Je, familia imedanganyika? Hapana, na hili ndilo jambo ninalowasihi wasomaji walishike: kila picha ina tarehe mbili, ya siku mtu aliposimama mbele ya kamera na ya siku karatasi ilipochapwa. Picha za wazee zilipelekwa studio zikapigwa upya ili kila mtoto apate nakala yake. Nakala ni ya kati ya miaka ya 1950 na 1964, babu ni wa zamani zaidi.

Zamani kiasi gani? Tazama tarbushi. Askari wa Wajerumani waliivika tarbushi yao kitambaa cha kaki kilichokuwa na pazia la kufunika shingo, na mbele kulikuwa na nembo ya tai. Askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji la Kongo, walivaa tarbushi nyekundu isiyofunikwa. Na msishangae kwamba kwenye picha ni nyeusi, kwa sababu mabamba na filamu nyingi za zamani hazikuiona rangi nyekundu, zikaitoa nyeusi. Kwa hiyo babu huyu, mwenye tarbushi nyeusi isiyo na pazia wala tai, alimtumikia Mbelgiji, si Mjerumani, na kwa kuwa sare ni ya kaki, wala si ile ya buluu waliyoanza nayo, tuko wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia au baada yake. Wabelgiji waliiteka Gisenyi Mei 1916, kikosi cha Kapteni Mjerumani Max Wintgens kiliporudi nyuma baada ya kuushikilia mpaka huu karibu miaka miwili. Najua ukoo ulijivunia habari ya Mjerumani. Lakini babu ni yuleyule, na heshima yake haikutoka kwenye kofia.

Hapa ninafika kwenye kipindi ambacho, wanaonisoma wanajua, siwezi kukipita bila kusimama. Mwaka 1907 Mjerumani Adolf Friedrich, mwanamfalme wa ukoo wa Mecklenburg, aliingia Rwanda na msafara wa wataalamu: Mildbraed wa mimea, Schubotz wa wanyama, Kirschstein wa miamba na volkano, Weiss wa ramani, na Mpolandi kijana Jan Czekanowski aliyekuja kupima watu. Walimtembelea Mwami Yuhi Musinga huko Nyanza, wakamshangaa kwa urefu wake, wakampiga picha akiwa na watu wa baraza lake. Kisha wakaja hapa, ambapo ramani zao ziliandika Kissenji, wakazunguka volkano zote. Kitabu cha mwanamfalme huyo kilitoka 1909 kikiwa na picha nyingi, na hadi leo mtu akitafuta Rwanda ya kale hukutana nazo kwanza.

Zisome zile picha kwa makini. Volkano ina jina. Mzungu ana jina na cheo chake. Mwami ana jina. Lakini watu wengine, wale waliobeba mizigo, waliopiga makasia Ziwani Kivu, waliosimama jua kali wakisubiri bamba lifungwe, wengi wao wameandikiwa kabila au kazi tu. Mwanzoni mwa 1908 msafara wa Kirschstein ulikutwa na dhoruba ya theluji mlimani Karisimbi, na wachukuzi 20 wakafa kwa baridi. Watu 20, nao katika historia ya msafara ni hesabu tu. Kila mawingu yanapofunguka na Karisimbi ukaonekana kutoka mjini hapa mimi huwakumbuka.

Czekanowski naye alipima vichwa, pua na vimo vya maelfu ya watu, na akachukua mafuvu ya wafu yakapelekwa Berlin. Mafuvu zaidi ya 900 yaliyotambuliwa kuwa ya Rwanda bado yako huko, katika hifadhi ya taasisi ya makumbusho ya Prussia, na mazungumzo ya kuyarudisha yanaendelea. Picha na fuvu vilikusanywa katika msafara mmoja, kwa fikra moja: kwamba mtu ni mfano wa aina yake. Fikra hiyo haikuishia kwenye vitabu. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliiandika kwenye vitambulisho, na Rwanda inajua vitambulisho vile vilitumiwaje vizuizini wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994.

Kwa sababu hiyo nawaomba sana, mnapokaa na albamu, msimpange mtu yeyote kabila kwa pua yake au kimo chake. Nimewasikia vijana wakifanya hivyo wakidhani ni utaalamu. Si utaalamu hata kidogo, ni mabaki ya kipimio cha Czekanowski. Ukitaka kulinganisha sura mbili, linganisha masikio. Mikunjo ya sikio haibadiliki sana kutoka ujana hadi uzee, nayo itakuambia kama kijana wa ukurasa wa tatu ndiye mzee wa ukurasa wa ishirini.

Mavazi yanasema mengi na hayamdhalilishi mtu. Mwanamke aliyevaa urugori, lile taji la bua la mtama kwenye paji la uso, ni mama, amekwisha kuzaa. Msichana mwenye nywele zilizonyolewa kwa mtindo wa amasunzu hajaolewa. Kwa hiyo ukimwona mwanamke yuleyule katika picha mbili, kwanza na amasunzu kisha na urugori, umepata mpangilio wa picha hizo hata kama mwaka hujui. Kwa familia zetu za Kiswahili, lile "Mama Zainabu" lililoandikwa mgongoni linafanya kazi hiyohiyo: picha haiwezi kutangulia kuzaliwa kwa Zainabu, isipokuwa maandishi yaliongezwa baadaye. Lakini angalia dhuluma iliyojificha humo. Wanaume wa albamu ile wana majina kamili, fulani bin fulani, na karibu wanawake wote ni mama wa mtu au mke wa mtu. Waulizeni mabibi majina waliyopewa wao wenyewe.

Katika familia zenye majina ya Kinyarwanda jina la ukoo halitawasaidia, kwa sababu baba, mama na kila mtoto ana jina lake. Hapo ndipo vitabu vya ubatizo vinapohitajika. Misheni ya Nyundo ilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1901, na desturi ya vitabu hivyo ni kuandika mtoto, wazazi, msimamizi na tarehe. Nendeni kwa paroko kwa adabu, mkiwa na majina ya watu watatu walau, siyo picha peke yake.

Wapo ambao hawana wa kumuuliza. Mwaka 1994 waliowaua Watutsi walichoma nyumba pamoja na vilivyomo, na kuna manusura ambaye ukoo wake wote umebaki katika picha moja iliyokuwa kwa jirani au kwa shangazi aliyeishi ng'ambo. Katika Ukumbusho wa Gisozi, Kigali, uliofunguliwa 2004, kuna chumba ambamo picha za namna hiyo zimetundikwa safu kwa safu, zimeletwa na ndugu. Arusi, ubatizo, kijana na baiskeli yake. Aliye na mzee wa kumuuliza na asimuulize anaacha mlango wazi ambao wenzake walifungiwa kwa nguvu.

Kwa hiyo: jina kwanza, mwaka baadaye. Mwaka unaweza kuutafuta hata baada ya miaka 50 kwa karatasi, taa na tarbushi. Jina linaondoka na mzee. Na liandikwe kwa penseli laini, mgongoni, karibu na ukingo, bila kukandamiza. Wino wa kalamu husambaa ukilowa na kupenya hadi usoni pa picha. Penseli hailegei majini. Albamu za Nyundo zimelithibitisha hilo.

Sasa zile zilizolowa. Msizibandue kwa nguvu zikiwa zimegandana wala kuzianika juani. Zilowesheni katika beseni la maji baridi na safi hadi ziachiane zenyewe, maana maji ya moto huyeyusha utando wa jelatini wenye sura. Zisuuzeni tope bila kusugua, kisha zilazeni kivulini juu ya kitambaa safi, sura juu, zisigusane. Zikiwa nyingi na nafasi hakuna, zifungeni kwa plastiki mziweke kwenye friza, mzishughulikie chache chache. Na kabla ya kuitia majini picha yenye maandishi ya wino mgongoni, nakilini kila neno, hata lile msiloweza kulisoma.

Sehemu ya tano itahusu negativu, na picha zilizochapwa kinyume ambazo vifungo vya shati huzifichua.