Kutoka gerezani bila kukatisha dawa

Makanisa mengi ya mashariki yana huduma ya magereza. Tunapeleka chakula, sabuni na Neno la Mungu. Kuna kazi nyingine isiyogharimu pesa nyingi na inayookoa maisha: kumfundisha mfungwa namna ya kuchunga afya yake siku atakapotoka, na kumfundisha pia yule atakayempokea nyumbani. Tuchukue mfano wa kifua kikuu, maana ndio ugonjwa unaoonyesha jambo hili wazi zaidi.

Kwa nini gerezani?

Magereza yetu yamejaa kupita kiasi. Munzenze, gereza kuu la Goma, lilijengwa kwa watu wapatao 350, lakini limewahi kushika zaidi ya 3,000. Kifua kikuu hupita kwa hewa. Pale ambapo watu wanalala bega kwa bega, madirisha ni machache na chakula ni haba, mmoja akikohoa wengi wanavuta viini vyake.

Ugonjwa huu unapona. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6: miezi 2 ya kwanza dawa za aina nne, kisha miezi 4 dawa za aina mbili. Hapa Kongo dawa hizo hutolewa bure. Hatari ni kwamba mgonjwa anajisikia vizuri mapema. Baada ya wiki chache kikohozi kinapungua, hamu ya kula inarudi, naye anadhani amepona. Lakini viini vingine bado vimo. Akiacha dawa, vinaamka tena, na vingine vinaweza kuwa sugu. Kifua kikuu sugu ni kigumu zaidi kutibu, na mgonjwa anaweza kuambukiza jamaa zake huo huo ugonjwa sugu.

Mlango hufunguliwa ghafla

Wengi walio ndani ya magereza yetu hawajahukumiwa bado. Mtu anaweza kuitwa asubuhi mbele ya mwamuzi na jioni akalala kwake. Wakati mwingine mlango unavunjwa na vita: Januari 2025 maelfu ya watu walitoka Munzenze kwa siku moja. Katika hali kama hiyo hakuna nafasi ya kumpa mgonjwa karatasi wala dawa za njiani. Kwa hiyo mafundisho ya kutoka yasingojee wiki ya mwisho. Yaanze siku ile mtu anapomeza kidonge cha kwanza.

Mambo ambayo kila mfungwa anayetibiwa ayashike kwa kichwa:

1. Jina la ugonjwa wake, tarehe aliyoanza dawa, na miezi iliyobaki. Karatasi inaweza kupotea au kulowa; kichwa anatoka nacho.

2. Kituo cha afya kilicho karibu na mahali atakapokaa. Akipata nafasi, aombe karatasi ya uhamisho kwa muuguzi wa gereza. Akikosa, aende vilevile na aseme wazi: nilikuwa natibiwa kifua kikuu, nimefika mwezi wa tatu. Asikae siku nyingi bila dawa.

3. Mkojo kuwa mwekundu au rangi ya chungwa ni kazi ya dawa moja iitwayo rifampisini. Si damu. Wengi wameacha dawa kwa kuogopa jambo hilo. Lakini macho yakigeuka manjano, arudi kituoni upesi.

4. Pombe na dawa hizi pamoja huumiza ini. Sherehe ya kumkaribisha isiwe ya kasiksi.

5. Anayekunywa dawa za virusi vya SIDA (ARV) asiziache hata siku moja. Hizo ni za maisha yote, nazo pia hutolewa bure.

Jamaa wafanye nini?

Wengi wanaotoka huficha ugonjwa kwa haya, na haya huongezeka wanapotengewa sahani na kikombe. Kifua kikuu hakipiti kwa sahani, wala kwa kusalimiana mkono. Fungueni madirisha, mgonjwa afunike mdomo anapokohoa. Kwa kawaida anayemeza dawa vizuri huacha kuambukiza baada ya wiki kama mbili, lakini muuguzi ndiye atakayethibitisha. Wote wa nyumba waende kupimwa, kwanza watoto walio chini ya miaka 5, kwa sababu kuna dawa ya kuwakinga. Yeyote mwenye kikohozi cha wiki mbili, homa ya jioni, jasho la usiku au kukonda asingoje.

Aliyedhoofika sana kwa njaa asilishwe chakula kingi siku ya kwanza. Mwili uliokauka unaweza kudhurika. Apewe kidogo kidogo, mara nyingi, na aonwe na muuguzi. Akiwa na upele, watu wote wa nyumba watibiwe siku moja, na nguo na mablanketi yafuliwe na kuanikwa juani.

Kazi ya kanisa

Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema mfungwa anastahili matibabu sawa na watu wa nje, na kwamba matibabu yake yasikatike. Daraja kati ya gereza na mtaa linaweza kuwa sisi. Mtume Paulo, akiwa mfungwa, alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni hakumwacha aende mikono mitupu: alimpa barua ya kumwombea mapokezi.

Basi kila parokia ichague mama mmoja na baba mmoja wa kufanya kazi pamoja na muuguzi wa kituo na wahamasishaji wa afya wa mtaa. Anayetoka amkute mtu anayemjua, atakayemuuliza kwa upole na faraghani: «Papa, umebakiza miezi mingapi ya dawa?» Kisha amsindikize hadi kituoni. Ugonjwa wake usitangazwe kanisani, hata katika maombi, kama hajakubali mwenyewe.