Taa ya Oili Ikiwaka: Ni Mafuta Gani Yaliyopungua?

Walimu wengi wa Kiswahili hufundisha utungaji wa maelekezo kwa mfano wa kupika chai au pilau. Mfano huo haukosi faida. Hata hivyo, kwa wanafunzi wa Jinja, ambao baadhi yao wamekulia karibu na mwalo wa Masese, iko mada inayoonyesha wazi zaidi hasara ya kutumia neno ovyo: taa ya oili katika injini ya boti.

Tatizo linaanzia kwenye neno mafuta. Petroli ni mafuta, oili ya kulainishia vyuma ni mafuta, na ya kupikia pia ni mafuta. Kiganda nacho kina neno amafuta lenye upana kama huo. Basi taa nyekundu ikiwaka, nahodha akasema, "Mafuta yamekwisha," msaidizi wake anaweza kujaza petroli na safari ikaendelea huku vyuma vikisagana vikavu. Injini ikikwama katikati ya ziwa, abiria wanabaki mikononi mwa upepo. Kwa hiyo tutofautishe mapema: petroli huchomwa ili kutoa nguvu, oili hulainisha. Tuzingatie pia upatanisho: mafuta yamepungua, lakini oili imepungua.

Injini zenyewe ni za aina mbili. Ile ya stroki mbili huchoma oili pamoja na petroli. Kama oili huchanganywa kwa mkono kabla ya safari, aghalabu taa hiyo haipo. Kama injini ina tangi la pekee la oili, taa huonya kwamba tangi hilo linakaribia kuisha. Ile ya stroki nne hutunza oili ndani yake kama gari, na taa huonya hasa kwamba msukumo wa oili umeshuka.

Taa ikiwaka, hatua ni hizi:

1. Punguza mwendo mara moja, kisha zima injini mahali pasipo na hatari. Shika kasia.
2. Simamisha injini wima, usubiri dakika kadhaa ili oili ishuke.
3. Kwa stroki nne, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kisha kichomoe tena usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Kwa stroki mbili, tazama tangi la oili.
4. Ikiwa imepungua, ongeza oili ya aina iliyotajwa katika kitabu cha injini. Usipite alama ya juu.
5. Ikiwa oili ni nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Usiwashe injini.
6. Ikiwa oili inatosha na taa bado inawaka, huenda pampu ni mbovu, kichujio kimeziba au waya una kasoro. Usikate shauri kwamba ni waya tu. Rudi kwa kasia au kwa kuvutwa, umwite fundi.

Darasani, mwalimu anaweza kuzichanganya hatua hizi, wanafunzi wazipange upya na kueleza kwa nini subiri hutangulia soma. Wataona kazi ya -ki- ya masharti, ya amri na ya katazo. Wajadili pia tofauti ya "huenda pampu ni mbovu" na "pampu ni mbovu": la kwanza humtuma mtu achunguze, la pili humfanya anunue pampu.

Wenzetu wa Mbale, ambako ziwa liko mbali, watumie teksi. Taa yenye picha ya kopo la oili mbele ya dereva inatoa onyo lile lile.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Ni matumaini yetu kwamba wanafunzi wetu watakitumia kwa usahihi hata pale mwaloni na gereji, ambako neno moja huokoa injini na watu waliomo botini.