Hodi Kwanza, Kasha Baadaye

“Kijana, umeangusha nini?”

Aliyeniuliza alikuwa mzee mwenye jembe begani. Alinikuta nimeuzunguka mwembe mara tatu, simu mkononi, macho kwenye mizizi. Nilimwamkia kwa haraka, “Shikamoo mzee,” akaitikia marahaba huku akiitazama simu yangu. Nikamweleza kwamba kuna mchezo, kwamba mtu fulani ameficha kopo hapo, na kwamba mimi naongozwa na setilaiti kulitafuta. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mwembe huu aliupanda baba yangu. Huyo aliyeficha kitu hapa, hodi aliipiga kwa nani?”

Hakuipiga kwa yeyote. Kopo tulilipata pamoja, mimi na yule mzee, limesukumiwa kwenye uwazi wa mzizi, mfuniko umepasuka na daftari limekuwa uji. Mzee alitaka liondoke shambani kwake. Nililiondoa, na jioni ile ile nikamwandikia mwenyewe kumweleza. Tangu hapo, mtu akiniuliza kanuni za mchezo huu uitwao jiokeshingi, mimi huanzia kwenye swali la mzee yule.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Mtu anaficha chombo chenye daftari ndani. Wachezaji wengi hukiita kwa neno la Kiingereza, mimi nakiita kasha. Anapima koordineti za mahali hapo, yaani latitudo na longitudo, na kuzitangaza kwenye intaneti. Wengine wanafuata koordineti hizo, wanalitafuta kasha, wanaandika jina na tarehe kwenye daftari, wanalirudisha mahali pake. Leo kuna makasha zaidi ya milioni tatu duniani, na nchi zenye angalau moja zinazidi 190.

Ulianza ghafla. Kabla ya Mei 2000 jeshi la Marekani lilikuwa likiyapotosha kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hata kifaa kikawa kinakosea kwa kiasi cha mita 100. Tarehe 1 Mei mwaka huo Rais Bill Clinton alitangaza kwamba upotoshaji huo unakoma usiku ule. Siku mbili baadaye Dave Ulmer, mtaalamu wa kompyuta, alipeleka ndoo nyeusi kwenye msitu karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaichimbia kidogo ardhini na kuweka ndani yake daftari, penseli na vizawadi. Kisha akaziandika koordineti zake kwenye intaneti, na siku hazikupita nyingi Mike Teague akaipata.

Napenda kuitaja ndoo hiyo kwa sababu leo isingekubaliwa. Ilizikwa nusu ardhini, na sasa kuchimba ni marufuku bila ruhusa ya mwenye ardhi. Ndani yake mlikuwa na mkebe wa maharage, na sasa chakula hakiwekwi. Kanuni za mchezo huu zilikuja baada ya watu kuharibu kitu au kutishana, ndiyo maana nawasihi wanaoanza wasizichukulie kama urasimu. Kanuni ya mita 161 kati ya kasha na kasha, kwa mfano, inazuia eneo moja lisijazwe makopo na lisikanyagwe kila upande. Tena kila kasha jipya hukaguliwa na mhakiki wa kujitolea kabla ya kutangazwa. Lakini mhakiki huyo anakaa mbele ya kompyuta, pengine nchi nyingine kabisa. Haoni mwembe ni wa nani. Hilo ni jukumu la anayeficha.

Kwa hiyo, hodi. Shambani, piga kwa mwenye shamba. Kwenye ardhi ya kijiji nchini Tanzania, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na mjini kwa mwenyekiti wa mtaa. Nchini Kenya, anza kwa chifu au naibu wake. Usiseme umekuja kuweka “kifaa cha GPS”, maana neno hilo litaleta habari za kupimwa ardhi na kuchukuliwa viwanja, na mimi ni mpima ardhi, najua hofu hiyo inavyowaka. Fungua kopo mbele yao. Waonyeshe daftari na penseli. Waambie watakuja watu, pengine wageni, na kwamba watakuja mchana na kuamkia. Mara nyingi mwenye mahali ndiye atakayekuonyesha pa kuficha panapofaa kuliko pale ulipopachagua wewe.

Ruhusa yenyewe haitoshi kama mahali hapafai. Mwaka 2011, katika mji wa Wetherby kaskazini mwa Uingereza, mtu alionekana akishughulika na kijikopo karibu na mkahawa. Polisi waliitwa, barabara ikafungwa, na wataalamu wa mabomu wa jeshi wakakilipua. Kilikuwa kasha la mchezo. Kwetu Afrika Mashariki, ambako milipuko ya balozi za Marekani ya tarehe 7 Agosti 1998 iliua watu zaidi ya 200 Nairobi na Dar es Salaam, hakuna askari anayepaswa kulaumiwa kwa kukitilia shaka kifurushi kisicho na mwenyewe. Usifiche karibu na ubalozi, ofisi ya serikali, kambi ya jeshi, kituo cha mabasi, stesheni, daraja, shule wala soko. Tumia chombo kinachoonyesha kilichomo, na ukiandike kwa nje, kwa Kiswahili na Kiingereza, kwamba ni mchezo na hakina hatari.

Ziko sehemu nyingine ambazo hazihusiani na askari lakini zina wenyewe, walio hai na waliotangulia. Makaburini usifiche. Penye mzimu usifiche, hata kama huamini. Misitu ya kaya za Wamijikenda kwenye pwani ya Kenya ina miiko na wazee wake. Kuingia tu kunahitaji idhini, sembuse kuacha kopo. Na kuta za kale kama zile za Kilwa Kisiwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukilichomoa jiwe moja ili upate uwazi wa kasha, umeipa mvua njia ya kuingia ukutani.

Katika hifadhi za taifa kama Serengeti hata kushuka kwenye gari hakuruhusiwi ila mahali palipotengwa, na kitu utakachoacha ni taka. Lakini mchezo una jibu lake zuri. Tangu mwaka 2004, kwa ushirikiano na chama cha wanajiolojia cha Marekani, kuna aina isiyo na chombo kabisa: mchezaji anafika, anaangalia mwamba au tabaka la udongo, kisha anamtumia aliyeiandaa majibu ya maswali ya jiolojia. Fikiria mapango ya Amboni, Tanga. Swali moja kuhusu namna maji yanavyochonga mwamba wa chokaa lina thamani kuliko makopo kumi, na pango linabaki kama lilivyokuwa. Kama wasimamizi wa mahali wanakubali, chagua njia hii kwanza.

Sasa nije kwenye koordineti, ambako naona makosa yanayoniuma kwa sababu ni ya fani yangu. Mchezo huu huandika digrii na dakika zenye desimali tatu. S 6° 48.500' maana yake ni dakika 48 na nusu, yaani dakika 48 na sekunde 30. Mtu akiisoma kama dakika 48 na sekunde 50, amekosea latitudo kwa zaidi ya mita 600, na atalaumu mficha siku nzima. Angalia pia herufi. Programu nyingi huanza na N, yaani kaskazini. Koordineti za Dar es Salaam zikiachiwa N badala ya S zitakupeleka nyanda za juu za Ethiopia. Na usichukue koordineti kwenye ramani za zamani za skeli ya 1:50,000 na kuzitangaza zilivyo. Ramani hizo za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS84, na nukta ile ile katika mifumo hiyo miwili huachana kwa kiasi cha mita 300.

Simu nayo ina mipaka yake. Inahitaji kusikia angalau setilaiti nne, zilizo kama kilomita 20,200 juu yetu, na mawimbi yakigonga ukuta au paa la bati kabla ya kuifikia, hesabu inapotoka. Kwenye uwanja wazi simu nzuri hukosea kwa mita 5 hivi. Chini ya mwembe ulioshonana majani, zaidi. Kwa hiyo mficha asiridhike na kipimo kimoja. Simama dakika kadhaa, pima, ondoka hatua ishirini, rudi kwa upande mwingine, pima tena. Fanya hivyo mara tano utafute wastani, na ukiweza urudi siku nyingine, saa nyingine, setilaiti zikiwa zimehama. Mtafutaji naye ajumlishe kosa lake na la mficha. Akiona zimebaki mita 10, simu iingie mfukoni na macho yafanye kazi. Jiwe lililokaa kinyume na wenzake, rundo la vijiti lililopangika mno: hivyo ndivyo vya kutazama. Na kabla ya kutia mkono kwenye tundu, tia kijiti. Nge na nyoka hawajui kuwa ni mchezo.

Kuhusu chombo, ushauri mwingi ulioandikwa ughaibuni haufai huku. Wanapendekeza sanduku la risasi la chuma. Pwani chumvi italila. Wanapendekeza mfuko wa plastiki wa kuzibia daftari. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na hata aina inayoruhusiwa kwa kufungashia, ikipasuka porini, ni uchafu ule ule. Nunua kopo gumu lenye mpira kwenye mfuniko. Lijaribu nyumbani: tia kitambaa cha karatasi, lizamishe ndooni usiku kucha, asubuhi uguse karatasi. Usiliweke chini palipo na mchwa, kwa kuwa kopo lililoachwa wazi kidogo halina daftari baada ya wiki. Weka penseli, kwani wino husambaa kwenye unyevu. Chakula, pipi na sabuni ya kunukia visiwemo hata kidogo: tumbili na nyani watanusa na kupasua. Visu, viberiti, pombe na dawa navyo havina nafasi, maana atakayelikuta kasha anaweza kuwa mtoto.

Adabu ya anayetafuta ni fupi lakini inavunjwa kila siku. Ukichukua kizawadi, acha chenye thamani sawa au zaidi. Baadhi ya vitu vina namba na vimetumwa safarini na wenyewe; ukichukua kimoja, kipeleke kasha jingine, usikitunze kabatini. Funga mfuniko kama ulivyoukuta na ulirudishe kasha pale pale, siyo mahali unapodhani ni pazuri zaidi, kwa sababu koordineti hazikuhama pamoja na maoni yako. Kama hukuandika daftarini, usitangaze kuwa umelipata. Kama hukulipata, sema hukulipata. Taarifa hizo zikifika tatu au nne mwenye kasha hujua aende kuangalia. Liko jambo linaloniudhi kuliko yote: mtu hapati kasha, anadondosha kopo jipya na kuhesabu kwamba amelipata. Mwenye kasha sasa ana makopo mawili, moja asilolijua.

Wachezaji wa Ulaya na Marekani hufundishwa kujificha wapita njia wasiwaone. Kwetu sikubaliani nalo. Mtu anayezunguka shamba la watu kimya, akijifanya anaongea na simu, anatia hofu, na hofu ya kijijini hupiga yowe. Amkia. Keti kidogo. Sema unatafuta nini. Siri ya kasha itahifadhiwa vizuri na watoto watano waliosaidia kulitafuta kuliko na watoto watano waliokuchungulia kichakani.

Mwisho ni matunzo, na hapa nina neno kwa wageni na kwa wenzetu wanaokuja likizo kutoka ughaibuni. Kasha linahitaji mwenyewe anayeweza kulifikia. Ukificha wiki ya mwisho ya likizo yako na kupanda ndege, umeacha taka yenye anwani. Mkabidhi mtu wa hapo anayecheza, akubali kwa kinywa chake, na jina lake liandikwe kwenye tangazo; vinginevyo usifiche.

Na wewe uliye na kasha tayari, masika huanza Machi. Nenda Februari ukalifungue, ukaushe ndani, ubadilishe daftari, umjulie hali mwenye mahali na kumuuliza kama bado ameridhika. Akisema hapana, au ukiona huna nafasi ya kurudi tena, liondoe siku hiyo hiyo na ulifute kwenye orodha kabla hujalala, ili mwenzako asisafiri kwenda kuuzunguka mti usio na kitu.