Namba zinapogeuka kona ya reli (Sehemu ya Nne)

Magazeti hutupa asilimia. Kipande cha Mwanza–Isaka cha reli ya kisasa, kilomita 341 ukijumlisha njia za kupishana, kiliwekewa jiwe la msingi Juni 2021, na tangu hapo habari zake ni zilezile: ujenzi umefika asilimia ngapi, utakamilika lini. Sisi wa Maswa tunazisoma kwa hamu ya jirani, maana njia inapita Malampaka, ndani ya wilaya yetu. Lakini sijaona mwandishi aliyejisumbua kueleza kona ya reli hutoka wapi kabla greda halijagusa udongo. Hutoka kwenye jedwali la namba.

Vijana wa hapa Nyalikungu wanaofuata mfululizo huu wanakumbuka tulivyounganisha safu mbili za Excel kwa alama ya &, mkato ukakaa katikati, kisha tukanakili na kubandika kwenye mstari wa amri wa AutoCAD baada ya kuandika PLINE. Sirudii. Leo nataka kujibu swali lililoulizwa na wengi: inakuwaje watu wawili wachore sehemu moja ya ardhi, kila mmoja kwa jedwali lake lililo sahihi, na michoro ipishane mita 300 hivi?

Hakuna aliyekosea hesabu. Mmoja amepewa viwianishi vya mfumo wa Arc 1960, ambao ramani zetu nyingi za zamani zimechorwa juu yake. Mwenzake amechukua vyake kwenye simu, na simu husoma WGS84. Mifumo hii haikubaliani juu ya umbo la dunia wala kitovu chake, na kwa huku kwetu tofauti kubwa inaangukia upande wa kaskazini na kusini. Kompyuta haijui lolote kuhusu hilo. Inapokea namba na kuchora.

Niruhusuni sasa niingie kwenye habari ninayoipenda kuliko zote, maana bila kuijua hiyo Arc mtu huandika neno asilolielewa. Mwaka 1879 mnajimu David Gill, aliyekuwa akiongoza kituo cha kutazama nyota cha Rasi huko Afrika Kusini, alipendekeza upimwe mnyororo wa pembetatu kufuata longitudo 30, kutoka kusini mwa bara hadi Misri. Alifariki 1914 kazi ikiwa na mapengo, na moja ya mapengo hayo lilikuwa Tanganyika. Kati ya 1931 na 1933 akatumwa mwanajeshi mhandisi, Martin Hotine, aunganishe upande wa Urundi na Rhodesia ya Kaskazini kwa kupita magharibi mwa nchi yetu. Kazi hiyo ilikuwa ya kupanda kilima baada ya kilima, kufyeka kileleni, kusimamisha alama, kutazama alama ya kilima kingine kwa theodolaiti na kuandika pembe, tena na tena, hadi wastani uaminike. Mizigo ilibebwa na wapagazi. Jina la Hotine lipo vitabuni. Ya wapagazi tusiyatafute humo, ingawa kila pembe iliyopimwa ilipanda mlimani juu ya mabega yao. Pengo la mwisho, la Sudan, Wamarekani walilifunga mwaka 1954. Ndipo hesabu ya Afrika Mashariki ikasawazishwa ikaitwa Arc 1960, chimbuko lake likiwa ni kituo kimoja cha Afrika Kusini kiitwacho Buffelsfontein. Ramani ya Maswa, kwa maneno mengine, ilianza kupimwa kutoka huko.

Hotine aliporudi kwao alibuni nguzo ya zege ya upimaji, na kuanzia 1936 Uingereza ikajenga zaidi ya nguzo 6,000 vileleni. Leo setilaiti zimezistaafisha, lakini wapo watu wazima wanaopanda vilima siku za mapumziko ili kuzitembelea moja baada ya nyingine. Sisi je? Bikoni, yaani alama ya upimaji iliyosimikwa ardhini, inavunjwa itolewe nondo! Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, inazilinda alama hizi, lakini sheria hailali shambani. Wazee wa Kisukuma walitunza mipaka ya ngitili, yaani malisho ya akiba, kwa miti na kumbukumbu, bila karatasi hata moja, na watu waliiheshimu. Sisi wenye karatasi tunang'oa ushahidi kisha tunakwenda kugombana baraza la ardhi. Nimelisema hili katika sehemu zote tatu zilizopita na nitaendelea kulisema.

Nafasi inakwisha na kona yenyewe sijaigusa. Reli haiwezi kutoka kwenye mstari ulionyooka na kuingia ghafla kwenye tao la duara, maana behewa lingepigwa teke la pembeni. Huwekwa mkunjo wa mpito unaojipinda kidogo kidogo. Kwa mfano wangu (si vipimo vya mradi), tao lina nusu kipenyo cha mita 1,200 na mpito una urefu wa mita 120. Umbali ambao njia imeuacha mstari mnyoofu ni urefu uliokwishatembea, ukizidishwa wenyewe mara tatu, ukagawanywa kwa 6 × 1,200 × 120. Ukitembea mita 60 njia imehama sentimita 25 tu. Mwisho wa mpito imehama mita 2 kamili. Waliojenga reli ya zamani ya Tabora–Mwanza, iliyofika Mwanza 1928, hawakuwa na Excel. Kona zao zilitoka kwenye vitabu vya majedwali, penseli na mnyororo.

Tazama sasa uvivu unavyoharibu. Kwenye mita 20 hesabu inatoa 0.009, kwenye mita 40 inatoa 0.074. Aliyekabidhi jedwali lenye desimali moja ameandika 0.0 na 0.1. Ukizipitishia nukta hizo amri ya SPLINE, mkunjo utapita katika kila nukta kwa utiifu, na kati ya nukta na nukta utayumba. Kwenye skrini hutaona kitu, gurudumu ndilo litakaloona. Acheni desimali tatu.

Jedwali lolote mtakalopokea liwe na kichwa kinachotaja mfumo, kanda, kizio na mpangilio wa safu. Kwa Maswa kanda ni UTM 36 kusini: namba za mashariki zinazidi 500,000 kwa kuwa tuko mashariki ya longitudo 33, na za kaskazini zinazunguka 9,650,000. AutoCAD inataka ya mashariki itangulie. Ukipewa jedwali lisilo na kichwa, lirudishe kwa aliyelileta, hata kama ni mkubwa wako.

Wanaotumia faili la skripti badala ya kubandika wazime kwanza OSNAP, kwa sababu skripti huruhusu nukta kunaswa na mistari iliyo karibu. Mpangilio wa OSNAPCOORD unaosimamia jambo hilo tutaufungua wiki ijayo.