Mama mkubwa asigeuzwe 'anti'

Wahenga walinena kuwa kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Methali hii hupambwa katika insha nyingi za wanafunzi wetu, lakini ni wachache wanaojiuliza kazi hiyo hasa hufanywa na nani. Jibu la haraka ni kwamba hufanywa na mama, nami silipingi. Hata hivyo, katika Kisiwa cha Mombasa, na hasa katika Mji wa Kale, neno mama lilikuwa na maana pana kuliko tunayoipa leo. Hofu yangu ni kwamba upana huo unatuponyoka huku tukitazama.

Hebu tuitazame lugha yenyewe. Dada wa mama aliyemtangulia kuzaliwa ni mama mkubwa, na aliyemfuata ni mama mdogo. Wote wawili waliitwa mama, na jina hilo lilikuja na haki pamoja na wajibu. Mama mkubwa aliweza kumkanya mtoto njiani pasi na kuomba ruhusa ya mtu. Kwa upande wa pili, mamaye mtoto akiugua au akifariki, ni yeye aliyetazamiwa kumlisha na kumvisha. Siku hizi mama mkubwa, mama mdogo, shangazi, mke wa mjomba, jirani na mwanamke mwenye duka wote ni "anti". Neno hilo si tusi, bali kasoro yake ni kuwa halimdai mtu chochote. Anti akipita bila kumkanya mtoto, hakuna wa kumlaumu.

Mimi nimelelewa Kibokoni, na ushahidi ninaoutoa ni wa niliyoyaona. Mama aliyenizaa aliamka kabla ya alfajiri kukaanga mahamri na kupika mbaazi za kuuza, na ada yangu ya shule ilitoka katika karai hilo. Wasaa wa kuketi nami na daftari hakuwa nao. Kazi hiyo aliichukua mama yangu mkubwa, aliyekaa mtaa wa Kuze. Hakujua kusoma hata herufi moja ya Kizungu, lakini kila jioni alinikalisha barazani nimsomee somo la siku, na nilipobabaisha alinitambua kwa sauti. "Rudia hapo," angesema, nami nikarudia. Wa tatu alikuwa jirani yetu, mwanamke mkali asiyecheka ovyo, ambaye watoto wote wa kichochoro chetu walimwogopa na ambaye hakuwahi kumlaza hata mmoja wetu na njaa. Mmoja alinipa riziki, wa pili elimu, wa tatu adabu. Sijui ningemtoa yupi kati yao malezi yangu yasipwaye.

Kwa watoto wa kike alikuwapo mama mwingine zaidi, naye ni somo au kungwi. Mwanamke huyu alimfunza mwari mambo ya utu uzima na ya ndoa ambayo mama mzazi, kwa haya, asingeweza kuyatamka mbele ya bintiye. Jamii ilijua kuwa mapenzi ya mama mmoja, hata yawe makubwa kiasi gani, hayawezi kuyafikia mambo yote. Anayetaka kuujua ulimwengu huo wa wanawake wa Mombasa na asome masimulizi ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel na kuchapishwa mwaka 1989. Watatu hao walizaliwa kati ya mwaka 1890 na 1920 katika matabaka mbalimbali, na kila mmoja ana namna yake ya kuuelezea uanamke.

Tukiipanda pwani kuelekea kaskazini hadi visiwa vya Lamu, tunamkuta mama wa aina nyingine. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ili amwachie bintiye Mwana Hashima mawaidha. Yamo humo mafunzo ya utiifu wa mke kwa mume ambayo wasomaji wa leo huyajadili kwa ukali, na wana haki. Lakini tazama alichokifanya: mama aliyeona siku zake zinakwisha alishika kalamu ili malezi yasikatike. Kwa utendi huo amekuwa mlezi wa vizazi vya wasichana ambao hakuwazaa.

Haya si mambo ya kale tu. Wakati mmoja niliwapa wanafunzi wangu hapa kisiwani insha ya kawaida, "Mama Yangu". Mvulana mmoja alinyosha mkono akaniuliza, "Mwalimu, niandike mama yupi?" Mamaye mzazi alikuwa Saudia akifanya kazi za nyumbani na kutuma fedha kila mwezi, na aliyemwamsha, akampigia pasi sare na kumuuguza alikuwa nyanya yake. Nilimwambia awaandike wote wawili. Aliandika kurasa tatu, na katika insha zote za siku ile hiyo ndiyo iliyonifunza jambo.

Watoto wa aina yake ni wengi katika shule zetu. Mama aliye ng'ambo hakumtupa mwanawe, kwani kumlisha nako ni kulea. Nyanya naye si mshika zamu tu, wala mama wa kambo si lazima awe yule katili wa hadithi za paukwa pakawa. Lakini fomu zetu za shule zina mstari mmoja tu wa jina la mama, na katika shule moja nilishuhudia bibi mzee akirudishwa langoni siku ya mkutano wa wazazi, akiambiwa aje "mzazi mwenyewe". Mzazi mwenyewe alikuwa safari ya bahari nzima kutoka pale, na mjukuu alisimama akitazama aibu ile.

Najua atatokea wa kuniambia kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama, na kwamba mtoto mwenye mama wengi hujifunza kumkimbilia huyu akikatazwa na yule. Ni kweli hutokea, lakini hutokea pale walezi wasiposemezana. Mama zetu wa Mji wa Kale walikuwa wakikutana barazani na kwenye arusi, na kosa la asubuhi lilikuwa limewafikia wote kabla ya adhuhuri. Tulichokosa leo ni mazungumzo hayo.

Wala isidhaniwe kuwa nawapa akina baba likizo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inawapa baba na mama jukumu sawa la kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Nayo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua kafala, yaani Mwislamu kumchukua na kumtunza mtoto aliyekosa malezi ya wazazi pasipo kumfutia nasaba yake. Ikiwa sheria imeweza kuona kuwa mlezi ana nafasi yake bila ya kumpokonya mzazi yake, shule haina udhuru.

Basi walimu wenzangu, tuongeze mistari katika fomu zetu, na mlezi akija mkutanoni tumpe kiti cha mbele. Nanyi wanafunzi, mnaporudi nyumbani leo, mwiteni mama mkubwa kwa jina lake kamili. Mkimwita mama, atajua kuwa bado mnamdai malezi.