SUGU KABLA HAJAWA MHESHIMIWA



Juzi nilipanda bajaji Mwanjelwa narudi zangu huku njia panda. Redio ya dereva ikapiga ngoma ya zamani ya Mr. II. Dogo mmoja tuliyekaa naye nyuma akauliza nani huyo anachana. Nikamwambia ni Sugu. Akacheka kweli kweli. "Sugu huyu huyu wa CHADEMA? Acha hizo braza!" Nikamwambia ndiyo, huyo huyo. Akatoa simu, akatafuta, akanyamaza mpaka tunafika Nane Nane.

Sikumlaumu. Kwa kumtazama, dogo kazaliwa mwaka 2004 au 2005, na mwaka 2004 ndiyo jamaa alitoa albamu iliyoitwa Sugu. Alipoanza kupata akili, Sugu tayari alikuwa mbunge wake, maana Uyole yetu ilikuwa ndani ya jimbo la Mbeya Mjini. Yeye anamjua mtu wa kombati na majukwaa. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya dogo huyo na wenzake, na wala sipigi kampeni. Chama changu nakijua mwenyewe.

Haya. Jina lake ni Joseph Osmund Mbilinyi, kazaliwa mwaka 1972. Mbilinyi ni jina la huku huku Nyanda za Juu, ukilitaja tu mtu anafikiria Njombe. Alipoanza kuchana alijiita 2 Proud, kwa maana ya mtu anayejivunia kupita kiasi, na kipindi hicho kuchana kwenyewe kulikuwa ni kuigiza. Mwanzoni mwa miaka ya 90 vijana wa Dar walikuwa wanakariri nyimbo za Wamarekani neno kwa neno, hata wasiloelewa, na anayekariri vizuri zaidi ndiye anashangiliwa. Kulikuwa na shindano lililoitwa Yo! Rap Bonanza, mwaka 1991, na hapo ndipo Saleh Jabri alipochukua mdundo wa Ice Ice Baby wa Vanilla Ice akaweka maneno ya Kiswahili juu yake. Leo linaonekana jambo dogo. Wakati ule watu walishangaa kwamba kumbe Kiswahili kinaweza kukaa kwenye mdundo ule kisivunjike.

Na msidhani ni ushamba wetu peke yetu. Waingereza, ambao Kiingereza ni chao, nao walipitia humo humo. Wachanaji wao wengi wa mwanzo walikuwa wanabana pua ili wasikike kama watu wa New York. Ilichukua miaka mpaka kijana kama Dizzee Rascal wa mtaa wa Bow, London mashariki, asimame na lafudhi ya mtaani kwake na maneno ya mtaani kwake, na mwaka 2003 albamu yake Boy in da Corner ikachukua tuzo kubwa ya Mercury. Kwa hiyo 2 Proud alipotoa Ni Mimi mwaka 1995, mojawapo ya albamu za mwanzo kabisa za rap ya Kiswahili, alikuwa ameshalifika lile jambo. Mchanaji anaanza kusikilizwa pale anapoacha kuwa nakala ya mtu mwingine. Angalieni na jina lenyewe la albamu.

Bahati nayo ilikuwepo. Kabla ya hapo nchi nzima tulikuwa tunasikiliza Redio Tanzania, na Redio Tanzania haikuwa na muda na watoto wanaoongea harakaharaka. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa watu binafsi, Radio One ikaingia hewani mwaka 1994, na vipindi vyake vya vijana vikaanza kupiga vitu hivi. Huku kwetu mawimbi ya Dar hayakuwa yanafika kama maji ya bomba, lakini kanda zilifika. Zilikuja na mabasi, na Uyole ni njia panda. Kinachotoka Dar kwenda Tunduma kinapita hapa, kinachokwenda Tukuyu na Kyela mpaka mpakani Malawi kinakunjia hapa.

Mwaka 1996 akatoa Ndani ya Bongo. Kisha 1998 ikaja Niite Mr. II, na hapo ndipo mambo yalipobadilika kabisa.

Kwenye albamu ile kulikuwa na wimbo Hali Halisi. Kama hujausikia, utafute. Jamaa anazungumzia maisha magumu, vijana wasio na kazi, wanasiasa wanaoahidi, polisi na mahakama, kwa sauti ya mtu anayekusimulia kijiweni, bila kupiga kelele. Ndiyo miaka ya ubinafsishaji ile, viwanda vinafungwa au vinauzwa, watu wanapunguzwa kazini, na hapa Mbeya tulikuwa na watu wengi wa namna hiyo kwenye familia zetu. Magazeti yalikuwa yanayaandika hayo, sawa, lakini gazeti ni la mwenye hela ya gazeti. Wimbo ule hata bibi alikuwa anausikia kutoka genge la jirani na anaitikia kwa kichwa. Wazungu fulani wa Uholanzi walitengeneza filamu ya maelezo kuhusu rap ya Tanzania mwaka 1999 na wakaipa jina hilo hilo, Hali Halisi.

Halafu kuna Chini ya Miaka 18, kuhusu mabinti wadogo wanaoingia kwenye biashara ya mwili. Wazazi waliokuwa wanasema rap ni uhuni walijikuta wanawaambia watoto wao "sikiliza huyo anavyosema". Hapo ndipo muziki huu ulipopata kibali majumbani, na waliokuja baada yake, kina Hard Blasters na Funga Kazi yao mwaka 2000, kina Professor Jay, walikuta mlango uko wazi nusu.

Sasa hela. Hapa ndipo panaponiuma na nitakaa kidogo.

Mnadhani mtu aliyekuwa anasikika kutoka Kyela mpaka Musoma alikuwa tajiri? Biashara ya kanda ilikuwa hivi. Msanii anajilipia studio mwenyewe. Anapata kanda mama, anaipeleka kwa msambazaji Dar es Salaam. Msambazaji anampa fedha kidogo kwa mkupuo, au anamwahidi kiasi fulani kwa kila kanda itakayouzwa. Kuzalisha ni yeye msambazaji, kuchapa makava ni yeye, kuhesabu ni yeye. Akikwambia zimetoka chache, utabishia nini? Huna risiti wala mlango wa kuingia kuhesabu. Sheria ya hakimiliki iliyokuwepo ilikuwa ya mwaka 1966, imetungwa kabla ya redio kaseti kuingia kila nyumba. Ile mpya imepitishwa mwaka 1999 ndipo COSOTA ikazaliwa.

Na baada ya msambazaji tunakuja sisi. Mimi Niite Mr. II sikuinunua. Nilirekodi kutoka kwa rafiki, ambaye alirekodi kwa binamu yake, ambaye aliipata kwa kondakta wa basi. Redio kaseti yenye milango miwili, kanda tupu, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, unasubiri saa nzima mtu asipite kukanyaga waya. Kwenye nakala yangu Mr. II alisikika kama anachana akiwa ndani ya simtanki. Niliipenda hivyo hivyo, na shilingi yangu hakuipata hata moja. Tulikuwa wengi.

Kwa hiyo huyu mtu akaanza kupiga kelele ambayo haikuwa ndani ya wimbo. Kwenye mahojiano, kwenye majukwaa, alisema wanamuziki wanaibiwa. Wenzake wengi walikuwa wanaogopa, maana ukigombana na msambazaji kanda yako haitoki, na ukigombana na redio wimbo wako haupigwi. Yeye aligombana na wote kwa nyakati tofauti. Albamu ziliendelea kutoka: Nje ya Bongo 1999, Millenia 2000, Muziki na Maisha 2001, Itikadi 2002. Na jina likabadilika tena. Kutoka 2 Proud, kwenda Mr. II, mpaka Sugu. Sugu mnaijua, ile ngozi ngumu ya kiganjani kwa mshika jembe. Hata huku Uyole kwenye viazi ukipeana mkono na mtu unaikuta. Haioti siku moja, inaota palipochubuka mara nyingi.

Mwaka 2010 akagombea ubunge Mbeya Mjini kwa tiketi ya CHADEMA, akamshinda Benson Mpesya wa CCM aliyekuwa amekaa miaka 10. Nakumbuka wazee walivyosema, "mwanamuziki ataenda kufanya nini bungeni, kuimba?" Ila ukihesabu vizuri, waliompigia kura ni wale wale waliokuwa na nakala ya nakala ya kanda yake. Hela yake hatukumpa mwaka 1998, kura tulimpa 2010. Hiyo ni tafsiri yangu, mwenye nyingine alete.

Bungeni akawa waziri kivuli wa habari, utamaduni na michezo, akaendelea na habari ile ile ya jasho la wasanii. Na hakuacha kuchana. Akiwa tayari Mheshimiwa alikuwa anatoa kandamseto za Antivirus na wenzake, zinagawiwa bure, ugomvi wao na kituo kimoja kikubwa cha redio ukiwa umepamba moto. Baadhi ya mistari ile ilikuwa mikali kupita kiasi, na mimi nilifikiri hivyo hata wakati ule.

Novemba 2011 machinga na polisi walipigana Mwanjelwa, mabomu ya machozi, matairi yanawaka. Mbunge alipofika akaongea na watu, wakatulia. Mdomo ule ule.

Mwaka 2015 akachaguliwa tena, na safari hii Professor Jay naye akaingia bungeni kutoka Mikumi. Halafu mdomo ukamletea balaa. Februari 26, 2018, mahakama hapa Mbeya ilimhukumu yeye na Emmanuel Masonga, katibu wa chama chao wa kanda, kifungo cha miezi mitano kwa maneno dhidi ya Rais Magufuli waliyodaiwa kuyasema kwenye mkutano wa hadhara Desemba 2017. Akaingia gereza la Ruanda akiwa mbunge. Alitoka Mei 10 kwa msamaha wa rais, na baadaye Mahakama Kuu ikaja kuitengua hukumu yenyewe. Lakini siku za gerezani zilikuwa zimeshaliwa.

2020 akashindwa na Dkt. Tulia Ackson. Mei 2022 akafanya onesho la kutimiza miaka 30 ya muziki pale Serena, Dar es Salaam, na mgeni rasmi akawa Rais Samia Suluhu Hassan. Miaka minne tu toka Ruanda! Nilidhani basi, yameisha. Agosti 2024 akakamatwa tena hapa hapa Mbeya na viongozi wenzake, kwenye sakata la mkutano wa vijana wa chama chao.

Mwaka 2025 jimbo likagawanywa. Uyole tukapata jimbo letu, na Dkt. Tulia akaja kugombea huku na kushinda. CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi za kura, kwa hiyo Sugu hakuwemo, wala kwetu wala mjini.

Dogo wa kwenye bajaji tuliagana pale njia panda. Aliniuliza aanze na wimbo gani. Nikamwambia Hali Halisi. Akasema ameshaupata, ila bando limeisha, kama ninayo kwenye simu nimrushie.

Nikamrushia. Bure tena.